Nani kwotabeki bora wa nyakati zote? Mjadala usiokwisha katika mpira wa Kimarekani

Kila mwaka ifikapo Februari, mamilioni ya watu nchini Marekani huketi mbele ya televisheni kutazama mchezo mmoja tu. Ni Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani. Bingwa hupatikana usiku huohuo, lakini mabishano huanza upya asubuhi inayofuata, na swali ni lilelile la miaka yote: katika historia ya mchezo huo, ni nani aliyekuwa kwotabeki bora kuliko wote?

Kwa wapenzi wa soka wa Afrika Mashariki, mabishano ya namna hiyo si mageni. Yanafanana na yale ya vijiweni kuhusu Pelé, Diego Maradona na Lionel Messi. Tofauti ni kwamba Wamarekani wanapotafuta mchezaji bora wa nyakati zote, mara nyingi macho yao huelekea kwenye nafasi moja tu ya uwanjani, kwa sababu ndiyo inayobeba sifa nyingi timu inaposhinda na lawama nyingi inaposhindwa.

Makala haya yanaeleza kazi ya kwotabeki, hoja za pande zinazobishana, na sababu zinazofanya watu wenye takwimu zilezile wafikie majibu tofauti. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na katika mjadala huu kila upande una kipimo kinachompendelea mchezaji wake.

Kwotabeki ni nani?

Mpira wa Kimarekani huchezwa na wachezaji 11 kwa kila upande, katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, yaani takriban mita 91, kati ya mistari miwili ya mabao. Mpira wake umechongoka ncha zote mbili, na hubebwa na kurushwa kwa mikono. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la mpinzani ni bao lenye thamani ya pointi 6, na kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili huleta pointi 3.

Karibu kila jaribio hupitia mikononi mwa kwotabeki. Husimama nyuma ya ukuta wa wenzake watano wanaomkinga, hupokea mpira, na katika muda wa sekunde chache huamua la kufanya: amkabidhi mwenzake akimbie nao, amrushie mwenzake aliye mbali, au akimbie nao mwenyewe. Wakati huo wapinzani, ambao wengi wao wana uzito unaozidi kilo 120, wanamwandama ili wamwangushe kabla hajaamua. Kazi yake ni kama ya nahodha wa jahazi. Upepo si wake na tanga hashiki peke yake, lakini chombo kikipanda mwamba, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Jambo moja linahitaji kueleweka mapema, kwani ndilo chimbuko la ubishi mwingi. Kwotabeki hucheza tu pale timu yake inapokuwa na mpira. Wapinzani wanapoupata, hutoka nje na kuketi benchi, huku kikosi kingine kabisa kikiingia kulinda. Kwa hiyo nusu ya mchezo hupita bila yeye kuweza kufanya lolote.

Hoja ya mataji

Anayetajwa mara nyingi zaidi ni Tom Brady. Mwaka 2000, klabu zilipokuwa zikigawana wachezaji wapya kutoka vyuo vikuu, Brady alisubiri mpaka raundi ya sita, na New England Patriots ikamchukua akiwa mchezaji wa 199. Alianza kama akiba. Mwaka uliofuata, kwotabeki wa kwanza wa timu hiyo, Drew Bledsoe, aliumia, Brady akaingia, na Februari 2002 akatwaa taji lake la kwanza.

Alipostaafu Februari 2023 akiwa na umri wa miaka 45, alikuwa amecheza misimu 23, amefika Super Bowl mara 10 na kushinda mara 7. Mataji 6 aliyapata akiwa na Patriots chini ya kocha Bill Belichick, na la 7 akiwa na Tampa Bay Buccaneers, katika msimu wake wa kwanza huko, akiwa na miaka 43. Hakuna klabu hata moja ya NFL yenye mataji ya Super Bowl zaidi ya yale aliyoshinda mtu huyu mmoja. Katika mechi za kawaida za ligi, pasi zake zilifikia jumla ya yadi 89,214, na 649 kati ya pasi hizo zilizaa mabao. Zote mbili ni rekodi.

Wanaomtetea hutaja hasa fainali ya Februari 2017. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi 28 dhidi ya 3 za kwake mbele ya Atlanta Falcons, zikiwa zimebaki chini ya dakika 20. Patriots walisawazisha, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, nao wakashinda 34–28. Hakuna timu nyingine iliyowahi kutoka nyuma kwa tofauti hiyo katika Super Bowl na kushinda.

Hata hivyo, ikiwa kipimo ni mataji pekee, basi ni haki kurudi nyuma zaidi. Otto Graham wa Cleveland Browns alicheza misimu 10, kuanzia 1946 hadi 1955, na katika kila mmoja wa misimu hiyo timu yake ilifika fainali ya ligi iliyokuwamo. Alishinda fainali 7: nne katika ligi iliyoitwa AAFC na tatu katika NFL. Bart Starr wa Green Bay Packers alishinda ubingwa wa NFL mara 5 katika miaka ya 1960, zikiwemo Super Bowl mbili za kwanza. Majina hayo mawili hayasikiki sana leo, kwa sababu mengi waliyoyafanya yalitokea kabla Super Bowl haijaanza kuchezwa mwaka 1967.

Je, taji humpima mtu au timu?

Wapinzani wa hoja ya mataji wana swali zito: inakuwaje mtu mmoja apewe sifa ya kazi ya kikosi kizima? Kidole kimoja hakivunji chawa, nao hutoa mfano wa fainali mbili.

Februari 2016, Peyton Manning wa Denver Broncos alicheza fainali yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka 39, mwili wake ukiwa umechoka. Pasi zake zilipata yadi 141 tu na hazikuzaa bao hata moja. Broncos walishinda 24–10 dhidi ya Carolina Panthers, na tuzo ya mchezaji bora ikaenda kwa mlinzi, Von Miller. Miaka miwili baadaye, Februari 2018, Brady alirusha pasi zenye jumla ya yadi 505, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia katika Super Bowl. Alishindwa. Philadelphia Eagles walishinda 41–33, kwa kuwa kikosi cha ulinzi cha Patriots hakikuweza kuwazuia. Mwenye kuhesabu mataji pekee atamwandikia Manning alama usiku ule na kumnyima Brady, ingawa aliyecheza vizuri zaidi anajulikana.

Kuna pia bahati. Chini ya kanuni zilizotumika wakati huo, timu iliyopata mpira kwanza katika muda wa nyongeza na kufunga bao la pointi 6 ilishinda papo hapo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017, na tena Januari 2019 katika nusu fainali kati ya Patriots ya Brady na Kansas City Chiefs ya Patrick Mahomes. Brady alishinda 37–31, na Mahomes hakuugusa mpira hata mara moja katika muda huo wa nyongeza. Sarafu iliyorushwa na mwamuzi ndiyo iliyoamua nani aanze. Mwaka 2022, NFL ilibadilisha kanuni hiyo kwa mechi za mtoano ili kila upande upate nafasi.

Mfano wa kusikitisha zaidi ni Dan Marino wa Miami Dolphins. Mwaka 1984, akiwa katika msimu wake wa pili, alirusha pasi zilizofikia yadi 5,084 na mabao 48. Kabla yake hakuna aliyewahi kuvuka yadi 5,000 katika msimu mmoja. Rekodi ya mabao ilidumu miaka 20, na ile ya yadi ikadumu miaka 27. Marino alifika Super Bowl mwishoni mwa msimu huo, akashindwa, na katika misimu mingine 15 aliyocheza baadaye hakurudi tena fainali. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ni vigumu kudai kwamba Marino alikuwa duni kuliko kila kwotabeki aliyewahi kuvaa pete ya ubingwa.

Manning mwenyewe ana kipimo kinachompendelea. Alichaguliwa mchezaji bora wa msimu mara 5, zaidi ya mtu mwingine yeyote katika historia ya ligi, na mwaka 2013 aliweka rekodi ya pasi 55 za mabao kwa msimu mmoja. Alisifika kwa kusoma mpangilio wa wapinzani na kubadilisha mbinu kwa sauti na ishara, sekunde chache kabla ya mchezo kuanza. Lakini katika mechi za mtoano alishinda 14 na kupoteza 13, na wakosoaji wake hawalisahau hilo.

Hoja ya utulivu wakati wa shida

Kabla ya Brady, jina lililotajwa kwanza lilikuwa la Joe Montana wa San Francisco 49ers. Alicheza Super Bowl 4 na kushinda zote. Katika fainali hizo nne alirusha pasi 11 za mabao, na hakuna pasi yake hata moja iliyonaswa na wapinzani. Wafuasi wake wanasema kushinda 4 kati ya 4 kuna uzito kuliko kushinda 7 kati ya 10. Upande wa pili hujibu kwamba kufika fainali na kushindwa si aibu kubwa kuliko kutolewa kabla ya fainali.

Sifa ya Montana ilitia mizizi Januari 1989, dhidi ya Cincinnati Bengals. 49ers walikuwa nyuma kwa pointi 3, zimebaki dakika 3 na ushee, na mpira ukiwa kwenye yadi 8 za upande wao wenyewe. Montana aliiongoza timu yake hatua kwa hatua kwa yadi 92, na zilipobaki sekunde 34 akamrushia John Taylor pasi ya bao. Matokeo yalikuwa 20–16.

Hapo pia wakosoaji wana la kusema. Kocha wa Montana alikuwa Bill Walsh, mbunifu wa mfumo wa pasi fupi za haraka ulioenea baadaye katika ligi nzima. Mrithi wa Montana, Steve Young, alitumia misingi ileile na Januari 1995 akarusha pasi 6 za mabao katika Super Bowl moja, rekodi aliyomnyang'anya Montana. Je, ubora ulikuwa wa mchezaji au wa mfumo?

Swali hilohilo humwandama Brady. Alipoumia goti katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008, mbadala wake Matt Cassel, ambaye hakuwa ameanza mechi kama kwotabeki tangu shule ya sekondari, aliisaidia timu kushinda mechi 11 ligini. Wenye shaka wakasema Belichick ndiye siri. Watetezi wakajibu kwamba timu hiyohiyo, ikiwa na Brady, ilikuwa imeshinda mechi zote 16 za kawaida msimu uliotangulia, na kwamba ushindi wa Tampa Bay miaka 12 baadaye, bila Belichick, ulimaliza ubishi. Wengine hawajasahau kwamba mwaka 2016 ligi ilimfungia Brady mechi 4 kuhusiana na mipira iliyokuwa na upepo pungufu, tuhuma ambayo mwenyewe aliikana.

Kanuni zinazobadilika

Ugumu mkubwa zaidi wa mjadala huu ni kwamba makwotabeki wa vizazi tofauti hawakucheza mchezo uleule.

Johnny Unitas wa Baltimore Colts ni mfano mzuri. Mwaka 1955 Pittsburgh Steelers ilimchukua, kisha ikamwacha kabla msimu haujaanza. Akacheza katika timu ya mtaani kwa malipo ya dola 6 kwa mechi, mpaka Colts ilipomwita. Desemba 1958, katika fainali ya NFL kwenye uwanja wa Yankee Stadium, New York, aliisawazishia timu yake dakika za mwisho na kuiongoza kushinda 23–17 katika muda wa nyongeza. Mchezo huo ulioneshwa kwenye televisheni nchi nzima, na wanahistoria wengi huuhesabu kuwa mwanzo wa umaarufu wa NFL. Kati ya 1956 na 1960 alirusha angalau pasi moja ya bao katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu hadi 2012.

Ukilinganisha hesabu zake na za leo, Unitas anaonekana mdogo: pasi 290 za mabao dhidi ya 649 za Brady. Lakini katika misimu yake ya mwanzo ligi ilikuwa na mechi 12 tu kwa mwaka. Ziliongezwa kuwa 14 mwaka 1961, 16 mwaka 1978, na 17 mwaka 2021. Walinzi wa enzi zake waliruhusiwa kumsukuma na kumzuia mpokeaji wa pasi karibu njia nzima. Mwaka 1978 NFL ilikataza kumgusa mpokeaji akishavuka yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, na ikawaruhusu wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono na kufungua viganja. Tangu hapo pasi zikawa silaha kuu.

Kazi ya akili nayo imebadilika. Unitas aliamua mwenyewe, uwanjani, mbinu ya kutumia katika kila jaribio. Tangu 1994 kofia ya kwotabeki huwekwa kipokea sauti, na kocha humweleza la kufanya.

Tena, mwili wa kwotabeki sasa una ulinzi ambao wazee hawakuujua. Baada ya jeraha la Brady la 2008, ligi iliimarisha kanuni ya kukataza kumvamia magotini. Hofu ya adhabu za namna hiyo imebadilisha hata fikra za walinzi, na kisa kimojawapo kina mizizi Uganda. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, alikuwa mlinzi wa New York Giants. Novemba 2006, dakika za mwisho za mechi, alimkamata kwotabeki wa Tennessee Titans, Vince Young, katika jaribio la nne. Akidhani mpira umekwisha kurushwa, na akiogopa kuadhibiwa, alimwachia. Young akakimbia na kuokoa jaribio, na Titans, waliokuwa nyuma 21–0, wakashinda 24–21. Kiwanuka alifarijika baadaye: Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipomshinda Brady 21–17 katika Super Bowl.

Walionyimwa nafasi ya kulinganishwa

Makwotabeki wengi waliotajwa hadi hapa ni Wazungu, na hilo halikutokea kwa bahati. Kuanzia 1934 hadi 1945 hakuna mchezaji Mweusi hata mmoja aliyecheza NFL. Mlango ulipofunguliwa tena mwaka 1946, nafasi ya kwotabeki ilibaki imefungwa kwa miongo mingi. Imani iliyotawala ni kwamba mchezaji Mweusi ana mbio na nguvu, lakini hafai kukabidhiwa uongozi na maamuzi. Vijana Weusi waliong'ara katika nafasi hiyo vyuoni walihamishiwa nafasi nyingine mara walipoingia ligi ya kulipwa.

Marlin Briscoe aliionja dhuluma hiyo. Mwaka 1968, akiwa na Denver Broncos, alikuwa kwotabeki Mweusi wa kwanza kuanza mechi katika zama za sasa za mchezo huo, na katika msimu huo wa kwanza alirusha pasi 14 za mabao. Mwaka uliofuata hakupewa hata nafasi ya kuigombea namba yake. Alihamia Buffalo, akageuzwa mpokeaji wa pasi, na hakuwa tena kwotabeki wa kuanza.

Warren Moon alichagua njia nyingine. Januari 1978 aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kushinda Rose Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za vyuo, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi hiyo. Ligi ilipogawana wachezaji miezi michache baadaye, hakuna klabu iliyomchukua. Akaenda Kanada, katika timu ya Edmonton, na huko akatwaa ubingwa wa taifa mara 5 mfululizo. Ni mwaka 1984 tu, akikaribia miaka 28, ndipo alipoingia NFL kupitia Houston Oilers. Alimaliza akiwa na yadi 49,325 katika ligi hiyo, na mwaka 2006 akawa kwotabeki Mweusi wa kwanza wa zama za sasa kuingizwa katika Jumba la Mashuhuri la mchezo huo mjini Canton, Ohio. Misimu 6 ya ujana wake haimo katika takwimu za NFL, na kila orodha inayompanga kwa takwimu hizo inamhesabia sehemu tu ya kazi yake.

Mabadiliko makubwa yalionekana tarehe 31 Januari 1988. Doug Williams wa Washington, kwotabeki Mweusi wa kwanza kuanza Super Bowl, alirusha pasi 4 za mabao katika robo ya pili peke yake, na timu yake ikaishinda Denver Broncos 42–10. Alikuwa mchezaji bora wa fainali. Hata hivyo, ilichukua miaka 35 zaidi kabla ya timu zote mbili za Super Bowl kuongozwa na makwotabeki Weusi. Siku hiyo ilikuwa Februari 2023, pale Patrick Mahomes wa Chiefs alipomshinda Jalen Hurts wa Eagles kwa 38–35.

Mahomes na kizazi kipya

Mahomes ndiye anayetajwa sasa kuwa anaweza kumfikia Brady. Mwaka 2018, katika msimu wake wa kwanza kama kwotabeki wa kuanza, alirusha pasi 50 za mabao na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Hurusha mpira akiwa anakimbia, kwa mkono uliopinda, pengine bila kumtazama anayemrushia, mambo ambayo makocha wa zamani waliwakataza wanafunzi wao. Alishinda Super Bowl za 2020, 2023 na 2024, na mara zote tatu akawa mchezaji bora wa fainali. Alipata taji la tatu akiwa na miaka 28; Brady alipata lake la tatu akiwa na 27.

Lakini walipokutana ana kwa ana katika Super Bowl ya Februari 2021, Brady alishinda 31–9. Na Februari 2025, Eagles waliwanyima Chiefs taji la tatu mfululizo kwa kuwashinda 40–22. Katika mechi zote mbili Mahomes alikimbizwa uwanja mzima kwa sababu ukuta wa kumkinga ulivunjika. Wanaomtetea husema hapo tena kwamba taji ni la timu, hoja ileile ambayo wafuasi wa Marino wameitumia kwa miaka 40.

Sambamba naye yupo Lamar Jackson wa Baltimore Ravens. Alipotoka chuoni mwaka 2018, baadhi ya wataalamu walimshauri abadilishe nafasi awe mpokeaji wa pasi, ushauri uliomkumbusha kila mtu yaliyompata Briscoe. Alikataa. Mwaka uliofuata alichaguliwa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote, na mwaka 2023 akachaguliwa tena.

Kwa hiyo, nani bora?

Ukiuliza nani amekusanya mengi zaidi, kwa muda mrefu zaidi na katika mazingira tofauti zaidi, jibu ni Brady, na hakuna hoja iliyokwisha kumwondoa hapo. Ukiuliza nani hakuyumba hata mara moja katika fainali, ni Montana. Kwa ubora wa msimu baada ya msimu, Manning ana tuzo 5 za kumtetea. Kwa walioibadilisha kazi yenyewe, Graham na Unitas wana haki ya kutajwa kwanza, na Mahomes bado anaandika sehemu yake.

Jibu linaloyachanganya maswali hayo yote kuwa moja huwa halidumu, kwa kuwa hulinganisha mechi 12 na 17, walinzi waliofungwa mikono na walioachiwa, kocha huyu na yule. Zaidi ya hayo, hulinganisha waliopewa mpira na kuwasahau walionyimwa. Hakuna ajuaye Briscoe angefika wapi kama angeruhusiwa msimu wa pili.

Mwaka 2028, aina ya mchezo huu isiyo na kugongana, ambamo mchezaji huzuiwa kwa kuchomolewa kitambaa kiunoni, itachezwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles. Nayo ina kwotabeki. Kwa watazamaji wengi wa Afrika Mashariki huenda hiyo ikawa mara ya kwanza kumwona mchezaji wa nafasi hiyo akiwa kazini, na watakapoanza kubishana nani bora, itafaa wakubaliane kwanza wanapima nini.